Anwani ya Kuazimwa: Kompyuta ya Nyumbani Hupewa Wapi Namba Yake, na Hubadilika Lini?

Si miaka mingi iliyopita, mkazi wa Irente aliyetaka kutuma maombi ya chuo au kusoma barua pepe alilazimika kuteremka hadi Lushoto mjini, akaketi katika duka la huduma za kompyuta na kulipa kwa muda alioutumia. Leo, katika nyumba kadhaa za kijiji chetu, ruta ndogo yenye laini ya simu ndani yake imewekwa dirishani, upande unaoelekeana na mnara, na wazazi, watoto na wageni wote huitumia. Neema hii imekuja na maswali yake. Mojawapo, ambalo kamati ya msikiti wetu imeulizwa na wazazi zaidi ya mara moja baada ya swala ya Ijumaa, ni hili: hiyo "anwani ya IP" inayotajwa kwenye kioo cha kompyuta ni kitu gani, nani huitoa, na mbona jana ilikuwa hivi na leo iko vile?

Swali hili laweza kuonekana kuwa la mafundi peke yao, lakini sivyo. Kwa sababu ya namba hiyo watu hushukiwa, hufungiwa milango ya huduma, na pengine huhukumiwa na jamaa zao kabla hawajaulizwa. Mzazi asiyejua namba hiyo hutoka wapi aweza kumdhulumu mwanawe kwa nia njema kabisa. Ndiyo maana tumeona tulieleze jambo hili hatua kwa hatua, kwa lugha ya nyumbani.

Namba ya mlangoni na namba ya mtandaoni

Mwaka 2022 serikali yetu iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi. Barabara zilipewa majina, nyumba zikapewa namba, na vibao vikabandikwa milangoni. Namba ile imefungamana na nyumba. Mwenye nyumba akisafiri, namba hubaki; mpangaji akihama, namba humsubiri mpangaji mwingine.

Wengi wetu tukisikia kwamba kompyuta nayo ina anwani, hudhani ni kitu cha namna hiyo. La hasha. Anwani ya IP ya nyumbani aghalabu ni kitu cha kuazimwa. Kompyuta hupewa iitumie kwa muda, kisha huirejesha, na mwingine hupewa. Kazi yake ni moja tu: kuwezesha vifurushi vya taarifa vinavyotoka upande mmoja wa dunia vijue vinakokwenda na majibu yajue pa kurudi. Bila anwani ya mwombaji, jibu la ombi lake lisingejua mahali pa kwenda.

Anwani ya mtindo uliozoeleka huandikwa kwa mafungu manne ya namba yaliyotenganishwa kwa nukta, kila fungu likianzia 0 na kuishia 255, kwa mfano 192.168.1.7. Utaratibu huo ulichapishwa rasmi Septemba 1981, wakati kompyuta zilizounganishwa duniani zilikuwa chache mno. Ukizidisha uwezekano wote wa mafungu hayo manne, utapata anwani 4,294,967,296. Wakati ule zilionekana kuwa bahari isiyokauka. Leo walimwengu wamepita bilioni 8, na mtu mmoja aweza kuwa na simu mbili, kompyuta na runinga, kila kimoja kikidai anwani. Bahari imekauka, na karibu kila tutakalolieleza hapa chini latokana na uhaba huo.

Sanduku moja la posta, wasomaji wengi

Jambo la kwanza ambalo msomaji hana budi kulishika ni kwamba nyumba yenye ruta ina anwani za aina mbili: za ndani na ya nje.

Wenye umri wa kutosha wanakumbuka jinsi barua zilivyokuwa zikija. Shule nzima ilikuwa na sanduku moja la posta. Barua ya mwalimu mkuu, ya mwalimu wa zamu na ya mwanafunzi wa darasa la saba zote ziliandikwa S.L.P. ileile. Posta haikumjua mwanafunzi. Ililijua sanduku tu. Barua zilipofika shuleni, karani ndiye aliyezigawa kwa majina.

Ruta ndiye karani huyo. Kwa nje, nyumba yote huonekana kwa anwani moja. Kwa ndani, ruta humpa kila mwanafamilia anwani yake ndogo: kompyuta ya baba, simu ya mama, simu ya mgeni. Simu ya mama inapoomba ukurasa fulani, ruta huandika katika daftari lake ni nani aliyeomba, hulituma ombi kwa anwani ya nje, na jibu likirudi hutazama daftari na kulikabidhi kwa mwenyewe. Ili asichanganye maombi mawili yanayokwenda mahali pamoja, huyatia kila moja namba ya ziada iitwayo namba ya poti.

Anwani za ndani zilitengewa mafungu maalumu mwaka 1994. Zile zinazoanza na 192.168, zile zinazoanza na 10, na sehemu ya zile zinazoanza na 172 haziruhusiwi kutembea katika intaneti ya wazi. Ni za matumizi ya ndani tu. Kwa hiyo anwani ya 192.168.1.7 iliyo kwenye kompyuta ya nyumbani kwetu yaweza kuwa pia kwa jirani, Mombasa, Muscat na London kwa wakati mmoja, wala hakuna mgongano. Ni kama "darasa la kwanza": kila shule ina lake, na hakuna mtoto anayepotea kwa sababu hiyo.

Katika mitandao ya simu, ambayo ndiyo tegemeo la wengi wetu huku milimani, kuna tabaka jingine juu ya hilo. Kampuni nazo hazina anwani za nje za kumtosha kila mteja. Hivyo huwakusanya wateja wengi, hata mamia, nyuma ya anwani moja ya nje. Mwezi Aprili 2012 lilitengwa fungu la pekee kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64 hadi 100.127. Mtu akifungua ukurasa wa mipangilio ya ruta yake na kuona kwamba ile anayoiita anwani ya nje imeangukia katika fungu hilo, au inaanza na 10, na ajue kwamba hana sanduku lake la posta. Anatumia sanduku la kata nzima, pamoja na watu asiowajua wala wasiomjua.

Maneno manne baina ya kompyuta na ruta

Sasa kompyuta huipataje anwani ya ndani? Zamani fundi aliiandika kwa mkono katika kila mashine, na akikosea tarakimu moja, au akimpa mashine mbili namba moja, kazi ilisimama. Oktoba 1993 ulichapishwa utaratibu wa kuzigawa zenyewe, uitwao DHCP, ulioandikwa na mtaalamu wa Marekani, Ralph Droms, na kufanyiwa marekebisho Machi 1997. Huo ndio unaotumika hadi leo karibu katika kila nyumba.

Mazungumzo yake ni ya maneno manne. Kompyuta inapowashwa haijui mtu, hivyo hupaza sauti kwa wote: "Je, yupo hapa mgawaji wa anwani?" Ruta hujibu: "Nipo, na ninaweza kukupa hii." Kompyuta husema: "Basi naiomba hiyo." Ruta humalizia: "Ni yako, kwa muda huu." Yote hayo hupita kabla mtu hajamaliza kuvuta kiti.

Neno zito hapo ni "kwa muda huu". Ruta hutaja muda wa kuazima: yaweza kuwa saa moja, saa 24 au siku kadhaa, kwa kadiri ilivyopangwa. Nusu ya muda ikifika, kompyuta humrudia ruta kimyakimya na kuomba iongezewe. Akikubali, muda huanza upya na namba hubaki ileile. Asipojibu, kompyuta huendelea kuitumia, na ikifika takriban sehemu saba kwa nane za muda, huomba tena kwa sauti ya wote, ikitumaini kwamba mgawaji mwingine yeyote atasikia. Muda ukikatika bila jibu, ni lazima iiache namba hiyo na kuanza upya maneno yale manne. Huo ndio uaminifu wa kitu cha kuazima: hukai nacho baada ya ahadi kwisha.

Ruta humtambua mwombaji kwa namba nyingine, ya kiwandani, iliyomo katika kifaa chenyewe. Kwa sababu hiyo, kompyuta iliyozimwa usiku na kuwashwa asubuhi mara nyingi hupewa namba ileile ya jana, maana ruta ingali inamkumbuka. Lakini simu nyingi za miaka hii, ili kulinda faragha ya mwenyewe, hujitungia namba ya kiwandani ya bandia kwa kila mtandao. Mzazi akikuta katika orodha ya ruta kifaa asichokijua, asiharakishe kudhani kwamba mwizi ameingia. Huenda ni simu ya mwanawe iliyovaa kanzu nyingine.

Ipo pia dalili moja yenye manufaa kwa kila nyumba. Kompyuta isiyopata jibu lolote hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Ukiiona hiyo, usiilaumu kampuni ya simu wala bando. Maana yake ni kwamba kompyuta na ruta yako hazijasikilizana. Kagua waya, neno la siri la waifai, au izime ruta na kuiwasha.

Namba hizi zatoka wapi

Anwani ya nje ina nasaba ndefu zaidi. Kileleni kipo chombo cha kimataifa kiitwacho IANA, ambacho hugawa mafungu makubwa kwa masjala tano za kanda. Masjala ya Afrika ni AFRINIC, yenye makao Ebène katika kisiwa cha Morisi, iliyotambuliwa rasmi mwaka 2005. Kabla ya hapo, Mwafrika aliyehitaji anwani aliziomba kwa masjala za Ulaya, Marekani au Asia. Kutoka AFRINIC mafungu hushuka kwa kampuni za simu na watoa huduma wa nchi zetu, na kutoka kwao ndipo namba moja hufika kwenye ruta ya dirishani Irente, ikiazimwa kama ilivyoazimwa na wengine kabla yake.

Tarehe 3 Februari 2011 IANA iligawa mafungu yake makubwa ya mwisho, moja kwa kila kanda. Afrika, iliyochelewa kuunganishwa, ilibaki na akiba kwa muda mrefu kuliko wengine. Lakini tangu Januari 2020 AFRINIC nayo imeingia katika kipindi cha mwisho cha akiba, ambapo ombi moja halipewi zaidi ya anwani 1,024. Na mali adimu huvuta magomvi: tangu mwaka 2021 masjala hiyo imekuwa ikishughulika na mashauri mazito katika mahakama za Morisi kuhusu nani ana haki ya kuzitumia namba za bara hili, na wapi.

Dawa ya uhaba ilikwisha kuandaliwa tangu mwaka 1995, nayo ni toleo la sita la anwani, lenye wingi usiohesabika kwa akili ya kawaida: takriban 340 ikifuatwa na sufuri 36. Katika toleo hilo kila kifaa chaweza kupata anwani yake ya dunia nzima. Hata huko, kwa ajili ya faragha, simu na kompyuta za sasa hujitungia anwani za muda na kuzibadilisha, kwa kawaida kila siku. Kwa hiyo anayedhani kwamba mambo mapya yatafanya namba iwe kitambulisho cha kudumu cha mtu, amekosea.

Hubadilika lini

Tuje kwenye lile linaloulizwa zaidi. Katika ruta ya laini ya simu, anwani ya nje huweza kubadilika kila mara muunganisho unapokatika na kuanza upya. Umeme ukizimika usiku wa mvua za masika na kurudi alfajiri, ruta itaamka na kuomba muunganisho mpya, na huenda ikapewa namba nyingine. Vivyo hivyo mtu akizima na kuwasha ruta, akiiweka simu katika hali ya ndegeni kisha akaitoa, au kampuni ikifanya matengenezo katika mitambo yake.

Kinyume cha wengi wanavyodhani, kuhama kutoka mnara hadi mnara hakubadilishi anwani peke yake. Abiria anayeteremka na basi kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo hupita mbele ya minara kadhaa, na simu yake huweza kubaki na anwani moja njia nzima, kwa sababu namba haitolewi na mnara. Hutolewa na mitambo mikuu ya kampuni, na minara ni vibarua wa kupokezana mzigo. Lakini akiingia katika kona ya bonde ambako mtandao hukatika kwa muda wa kutosha, akitokea upande wa pili aweza kuwa na namba mpya.

Hapo pia ndipo penye jibu la wale wanaoshangaa kuona tovuti ikiwaambia "Uko Dar es Salaam" ilhali wamekaa hapa, ukungu ukipanda kutoka nyika ya Mazinde. Tovuti haikuoni. Imetazama tu orodha inayosema kwamba namba hiyo ni ya kampuni fulani ambayo mitambo yake iko mji fulani. Inajua mahali pa lango, haijui mahali pa mtu.

Kwa waliounganishwa kwa waya wa faiba, kama walivyo baadhi ya wakazi wa mijini, mambo hutofautiana. Wengine hupewa namba mpya kila ruta inapojitambulisha upya kwa kampuni. Wengine hubaki na moja kwa miezi, kwa kuwa ruta haizimwi na muda wa kuazima huongezwa kila mara. Na ipo anwani ya kudumu, ambayo taasisi yenye seva yake huiomba na kuilipia.

Yapo pia yasiyoibadilisha anwani ya nje: kuzima kompyuta peke yake huku ruta ikiwaka, kubadili neno la siri la waifai, na kufuta kumbukumbu za kurasa ulizotembelea. Na vijana wanaodhani kwamba namba ikibadilika basi hawajulikani tena, na wajue kwamba tovuti humtambua mtu kwa akaunti aliyoingia nayo na kwa alama zinazowekwa ndani ya kompyuta yake. Kubadili sanduku la posta hakumfichi aliyeandika jina lake chini ya barua.

Binti aliyefungiwa mlango

Tulitaja dhuluma, na hatukuitaja bure. Katika familia moja ya jirani zetu, binti aliketi kutuma maombi ya chuo, siku zikiwa zimebaki chache. Tovuti ya taasisi aliyoiomba, ambayo hatuna haja ya kuitaja, ilimwandikia kwamba anwani yake imezuiliwa kwa matumizi mabaya. Baba aliposomewa maneno hayo, macho yake yalimwendea mdogo wake binti, kijana wa miaka 15, ambaye usiku uliotangulia alikaa na kompyuta hadi saa nne. Kijana alikana. Baba aliona kukana ni ukaidi, akamnyang'anya simu na kumpiga marufuku kuigusa kompyuta. Nyumba ikawa na huzuni mbili: dada anaona mlango wa masomo unafungwa, na kaka anaitwa mhalifu.

Jambo lililetwa kwetu kama shauri la kifamilia. Kijana mmoja wa jamaa ya msikiti anayejua mambo haya aliombwa aitazame ruta. Alikuta kwamba anwani yake ya upande wa nje inaanza na 100 na imo ndani ya lile fungu tulilolitaja. Yaani nyumba ile ilikuwa ikitumia sanduku la pamoja na wateja wengi wa kampuni. Yeyote kati yao angeweza kuwa ameisumbua tovuti ile, naye akawaponza wote. Ruta ilizimwa kwa dakika kadhaa na kuwashwa, namba ikabadilika, ukurasa ukafunguka, na maombi ya binti yakatumwa kabla ya siku ya mwisho.

Tuwe waadilifu katika hitimisho. Ukurasa kufunguka hakuthibitishi kwamba kijana hakufanya lolote usiku ule. Kunathibitisha kwamba kile baba alichokishika kama ushahidi hakikuwa ushahidi juu yake. Mzee huyo, Mungu amjaze kheri, alimwita mwanawe mbele ya dada yake akamwomba radhi. Si kila baba angeweza.

Anwani, saa na mtu

Je, basi namba hii haifai kitu katika kutafuta haki? Inafaa, ikiwekwa mahali pake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeviwezesha vyombo vya uchunguzi kudai taarifa kwa watoa huduma. Kampuni huweka kumbukumbu za nani aliazimwa namba ipi na lini. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipotaka watumiaji wa VPN wajitambulishe, anwani ya IP ilikuwa miongoni mwa taarifa zilizotakiwa. Namba, basi, ni kamba ya kushikia mwanzo wa safari, si mwisho wake.

Ili kamba hiyo ifike kwa mtu, vinahitajika vitu vitatu. Cha kwanza ni saa kamili. Namba iliyokuwa kwangu saa mbili yaweza kuwa kwa mwingine saa tatu. Na hapa kuna mtego unaotuhusu sisi Waswahili zaidi ya wengine. Seva nyingi huandika saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya saa za Tanzania kwa saa tatu. Ikiandikwa 18:00 katika kumbukumbu hizo, mtu aweza kuitafsiri kuwa saa kumi na mbili jioni, kumbe tukio lilitokea saa tatu usiku kwetu. Katika tofauti hiyo anwani imeweza kubadili mikono mara kadhaa, na asiye na hatia akaitwa.

Cha pili ni ile namba ya poti, kwa sababu katika sanduku la pamoja anwani na saa peke yake huonyesha kundi, hazimwonyeshi mtu. Cha tatu, na kigumu kuliko vyote, ni kujua mkono uliokuwa kwenye kibodi. Kumbukumbu za kampuni huishia kwenye laini, na laini zote nchini husajiliwa kwa alama za vidole. Kwa hiyo mwenye kidole ndiye atakayeulizwa wa kwanza, hata kama aliyetumia ni mgeni wa siku moja. Ruta haijui mkono wa nani umebonyeza.

Hapa Lushoto tunacho Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ambako hufunzwa watumishi wa haki, na msingi wa kazi yao ni kwamba tuhuma haiwi hukumu mpaka ithibitishwe. Msingi huo ni wa sebuleni pia.

Ya kufanya nyumbani

Kwanza, laini iliyomo katika ruta isajiliwe kwa jina la anayeisimamia kweli, si la ndugu aliyehama wala kijana aliyesaidia siku ya kununua. Kwa msikiti, madrasa au kikundi, iandikwe katika kumbukumbu za kamati ni nani anayebeba dhamana hiyo.

Pili, neno la siri la waifai lisiwe la kutangazwa barazani. Ruta nyingi zina uwezo wa kufungua mtandao wa pili kwa ajili ya wageni, utumieni. Neno la siri la kuingilia mipangilio ya ruta, lile lililobandikwa chini yake kiwandani, nalo libadilishwe.

Tatu, ukifungiwa na tovuti, usianze na fimbo. Zima ruta dakika chache, iwashe, jaribu tena. Au tumia laini ya kampuni nyingine. Tatizo likiendelea, waandikie wenye tovuti na mtoa huduma wako, ukitaja siku na saa.

Nne, anayetaka kuitazama kamera ya duka au ya ghala la mboga akiwa safarini asishangae ikimshinda kupitia anwani ya nje. Sanduku la pamoja halipokei mgeni asiyealikwa kutoka ndani. Na aulize kampuni kama inatoa anwani ya kudumu, au achague kamera inayojiunganisha yenyewe na huduma ya mtengenezaji wake.

Tano, akikupigia mtu asemaye "nina anwani yako ya IP, nipe fedha au nitakuja kwako", kata simu. Mtu wa kawaida hawezi kutoka kwenye namba hiyo hadi kwenye jina lako wala mlango wako. Usimtumie fedha, usimpe neno la siri, na utoe taarifa polisi.

Sita, na hili tunawausia wazazi na walezi kwa mkazo: mjue mtoto anafanya nini mtandaoni kwa kuketi naye na kumuuliza, si kwa kusoma namba asizozichagua. Namba huazimwa, hutumika na kurejeshwa, na kesho huwa kwa mwingine. Heshima ya mtoto ikivunjwa mbele ya nduguze, hairejeshwi kwa kuzima na kuwasha.

Wabillahi tawfiq.